Maswali yenu: Herufi za Wahindi zimefikaje kwenye makaburi ya Japani?

Wapendwa, toleo lililopita niligusia mistari miwili tu kwamba Kisanskriti, lugha ya kale ya India, zamani kiliandikwa kwa mwandiko unaoitwa Siddham, na kwamba leo ukitaka kuuona ukiwa bado unatumika inabidi uende Japani, sio India. Nikadhani imepita hivyo hivyo, kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja nyingi, mbili tatu zinanigombeza, nyingine zina maswali ya maana kweli. Nimechagua hizi na nimezipunguza, maana kuna mmoja kaandika kurasa nne na swali lenyewe liko mstari wa mwisho.

Mwalimu shikamoo. Nilikua naangalia picha za makaburi ya Japani, nyuma ya kila kaburi kuna mbao ndefu nyembamba zimesimamishwa, kichwani zimechongwa pingili pingili kama mnara. Juu kabisa kuna maandishi ambayo rafiki yangu anaesoma Kijapani kashindwa kuyasoma, anasema sio Kijapani wala Kichina. Ndo hizo herufi zako? (Mpenda Picha)

Marahaba. Ndo zenyewe, na mwambie rafiki yako asione aibu, Wajapani wengi tu wanapita hapo kila mwaka kuzuru wazee wao na hawawezi kuzisoma.

Ubao huo unaitwa sotoba, neno ambalo asili yake ni stupa la Kisanskriti, lile jengo la kuba la Wabudha, ndo maana umechongwa kama mnara. Sasa angalia vizuri ile picha yako. Kutoka juu kushuka chini kuna herufi tano: kha, ha, ra, va, a. Kila moja inasimamia kitu kimoja katika vile vitano ambavyo kwa imani yao vinaunda ulimwengu na mwili wa mtu, ukianzia juu ni anga, upepo, moto, maji, na chini kabisa ardhi. Yaani ubao ni mwili, na marehemu anarudishwa kwenye vile alivyoumbwa navyo. Ila ukimsikia mtawa wa Kijapani akizisoma hatasema kha, ha, ra, va, a, atasema kya, ka, ra, ba, a. Nitarudi huko chini maana kuna mtu kauliza habari za matamshi.

Wajapani wenyewe wanaziita bonji, yaani herufi za Brahma, mungu wa Wahindi, na elimu yake wanaiita shittan, ambayo ni hilo hilo neno siddham limepita mdomo wa Mchina kwanza ndo likafika kwa Mjapani.

Unatupotosha. Kisanskriti kina mwandiko wake, unaitwa Devanagari, ule wenye mstari juu kama kamba ya kuanikia nguo. Hizo nyingine umezitoa wapi? (Msomaji wa Siku Nyingi)

Hapa ndugu yangu umeingia kwenye mtego ambao karibu kila mtu anaingia, hata mimi nilikaa humo miaka. Kisanskriti hakina mwandiko wake wa kuzaliwa nao. Kwa karne nyingi kilikua lugha ya mdomo, mafundisho yanakaririwa kichwani kutoka kwa mwalimu hadi mwanafunzi, na kilipoanza kuandikwa kila mtu aliandika kwa herufi za kwao. Kusini walitumia Grantha, Kashmir walikua na Sharada, mashariki wana Kibangla, na orodha inaendelea. Devanagari imekua kama sare ya Kisanskriti hasa baada ya mashine za uchapaji, karne ya 19, pale vitabu vilipoanza kutoka kwa wingi.

Lugha ni kitu kimoja na nguo inayovaa ni kitu kingine, na Mswahili ndo wa mwisho kushangaa hilo. Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu miaka mamia, leo tunaandika kwa za Kilatini, na hakuna aliyesema lugha imebadilika.

Mama wa hizi zote ni Brahmi. Mfalme Ashoka wa India aliitumia kwenye mawe na nguzo zake karne ya 3 kabla ya Kristo, japo yeye hakuandika Kisanskriti, aliandika Kiprakriti, lugha ya watu wa kawaida. Andiko refu la Kisanskriti la zamani ambalo wataalamu wanalitaja sana ni la mtawala Rudradaman kwenye mwamba wa Junagadh, Gujarat, mwaka 150 hivi baada ya Kristo. Baadae Brahmi ikabadilika polepole hadi ikawa mwandiko wa enzi za Gupta, wafalme wa India ya kale, na huo wa Gupta ndo ukazaa Siddham kwenye karne ya 6. Ukienda Bodh Gaya kuna jiwe la mtawa Mahanaman la mwaka 588 hivi, wengi wanalitaja wakitaka kuonyesha Siddham ilivyokua inaanza kupata sura yake. Na Al-Biruni, yule mwanachuoni aliyeandika kitabu kizima kuhusu India kwenye mwaka 1030 hivi, kaitaja kwa jina kabisa, Siddhamatrika, akasema inatumika Kashmir, Varanasi na nchi ya katikati. Kwahiyo sijaitoa mfukoni.

Siddham maana yake nini? Ni jina la mtu? (Binti wa Pwani)

Sio mtu dada. Maana yake ni "imetimia", "imefanikiwa". Mtoto wa Kihindi alipopewa kibao chake cha kwanza cha kujifunzia, juu ya herufi palikua pameandikwa neno hilo kama dua ili masomo yafanikiwe, hivyo hivyo kama mtu anavyoanza jambo lake kwa bismillahi. Neno likakaa juu ya herufi siku nenda rudi hadi likawa jina la herufi zenyewe.

Tunajua habari za watoto hao kwa sababu ya mtawa wa Kichina anaitwa Yijing. Alisafiri kwenda India mwaka 671 akarudi China 695, na katikati hapo alikaa miaka mingi Nalanda kwenye chuo kikubwa cha Wabudha. Anasema mtoto alianza akiwa na miaka 6 na kumaliza kwa miezi 6, herufi ni 49, afu zinaunganishwa zenyewe kwa zenyewe katika sehemu 18 hadi zinafika silabi zaidi ya 10,000. Miezi sita! Mi nikisoma hapo huwa namuonea huruma yule mtoto.

Silabi elfu kumi? Sasa nani anaweza kukariri hayo, au ni kama Kichina kila neno na mchoro wake? (Fundi Simu)

Hapana, hapa utulie kidogo maana ndo penye utamu.

Kwetu ukijifunza kusoma unaimba ba be bi bo bu, na kila moja unaiandika kwa herufi mbili, b na irabu yake. Kwenye Siddham, na kwenye karibu familia yote ya Brahmi, konsonanti ikisimama peke yake tayari ina a ndani yake. Ukiandika k umeandika ka, hamna haja ya kuongeza kitu. Ukitaka ki unaichukua ile ile ka unaivalisha alama ya i, ukitaka ku unaivalisha kitu chini yake, ukitaka ke unaivalisha juu. Herufi haibadiliki, inabadilishwa kofia na viatu tu. Na ukitaka k kavu isiyo na irabu kabisa, kuna alama maalum ya kuua hiyo a.

Konsonanti zikikutana bila irabu katikati zinapandana moja juu ya nyingine. Chukua neno letu mbwa. Sisi tunapanga m, b, w, a kwenye foleni. Kwa mfumo wao ungeweka m juu, b chini yake, w chini yake tena, na a hausumbuki nayo maana imo tayari. Kifundo kimoja, imeisha. Kwahiyo zile elfu kumi sio michoro elfu kumi ya kukariri, ni vipande hamsini kasoro vinavyopangwa na kupangwa upya, mtoto anafanyishwa mazoezi hadi mkono uzoee.

Ngoja nikuchambulie moja ambayo utakutana nayo sana Japani, silabi ya Amida, yule Buddha wa magharibi: hriih. Anza na ha. Chini yake unamfunga mkia wa r, imekua hra. Afu unamvika alama ya i ndefu, ile a inakimbia, imekua hrii. Mwisho unadondosha nukta mbili upande wa kulia, moja juu moja chini, hizo ni pumzi ya h inayotoka baada ya irabu. Hriih. Vitu vinne kwenye umbo moja ambalo mtu asiejua ataona ni ua tu limechorwa kwa wino. Na mpangilio wa herufi zenyewe hawakuubahatisha, umepangwa kwa mdomo: wanaanza na za kooni, ka kha ga gha nga, wanasogea kwenye kaakaa, wanafika kwenye meno, wanamalizia na za midomo, pa pha ba bha ma. Jaribu hapo ulipo, sema ka, cha, ta, pa taratibu, utasikia sauti inatembea kutoka nyuma kuja mbele. Sisi na a-b-c-d yetu mpaka leo hatuna sababu yoyote ya kwa nini b imefuata a.

Mwalimu hujatuambia zimefikaje Japani. India na Japani ni mbali, nani alizibeba? (Baba Wawili)

Kweli, na swali hili ndo la kichwa cha habari.

Zilibebwa na dini, zikapitia China. Karne ya 8 walifika Chang'an, mji mkuu wa enzi ya Tang, walimu kutoka India wa ule Ubudha wa siri, Subhakarasimha mwaka 716, Vajrabodhi mwaka 720, na mwanafunzi wa huyu wa pili, Amoghavajra, akawa mkubwa kuliko wote. Mafundisho yao yalisimama juu ya mantra, yaani nyuradi, na imani ilikua kwamba nguvu ya uradi iko kwenye sauti yenyewe, ukiitafsiri umeiua. Sasa Kichina kina shida moja, herufi zake haziandiki sauti kirahisi, ukitaka kuandika hriih kwa Kichina utaunga maneno mawili matatu na bado haitatoka. Ndo wakasema basi, uradi uandikwe kwa herufi zake zilizokuja nazo.

Mwaka 804 meli 4 ziliondoka Japani kupeleka ujumbe China, mbili tu ndo zilifika. Kwenye moja alikuwemo mtawa kijana wa miaka 30 hivi anaitwa Kukai, kwenye nyingine Saicho, ambaye baadae alianzisha madhehebu ya Tendai. Fikiria ingekua meli nyingine ndo zimefika, mi nisingekua na safu ya kuandika mwezi huu. Kukai akafika Chang'an, akajifunza Kisanskriti kwa mtawa wa Kihindi Prajna, akapokea mafundisho yote kwa mzee Huiguo ambaye alifariki mwaka 805, na mwaka 806 akarudi. Orodha ya vitu alivyoleta aliikabidhi serikalini na ipo hadi leo, ndani yake kuna vitabu 42 vya mantra na sifa kwa herufi hizi. Ndo madhehebu ya Shingon yakaanzia hapo, neno shingon lenyewe ni "neno la kweli", ndo mantra hiyo hiyo.

Ila haki ya Mungu hakua Kukai peke yake. Hekalu la Horyuji lilikua na majani mawili makavu ya mti wa jamii ya mitende yameandikwa Kisanskriti, Sutra ya Moyo, andiko fupi la Wabudha, na uradi mmoja mrefu, na mstari wa mwisho kabisa kuna herufi zote zimepangwa kama kibao cha mtoto. Mapokeo yanasema yaliingia Japani mwaka 609, wataalamu wengi wanayaweka nyuma kidogo, karne ya 7 au ya 8. Sasa hivi yapo makumbusho ya taifa ya Tokyo. Yalipochapishwa Oxford mwaka 1884 na Max Müller, msomi wa Kisanskriti, na mtawa wa Kijapani Bunyiu Nanjio, wasomi wa Ulaya walishangaa. Kwa hali ya hewa ya India jani kama hilo linaliwa na unyevu na wadudu mapema tu, hivyo maandishi ya zamani ya Wahindi ikabidi yatafutwe kwenye kabati la hekalu la Japani.

Huko China na India kwenyewe kwa nini ziliisha? (hakujiandika jina)

China ni mwaka 845, mfalme Wuzong alifunga nyumba za watawa kwa maelfu na elimu ile ikakosa pa kukaa. India hazikuisha, zilikua. Mkono wa kila kizazi unabadilisha kidogo, upande mmoja ukatoka Nagari, mama wa ile Devanagari, upande wa mashariki zikatoka herufi ambazo leo ni Kibangla. Ni kama kuuliza mtoto wa mwaka juzi kaenda wapi, kakua huyo. Kilichotokea Japani ni kwamba kwao lilikua umbo takatifu lililoletwa na mwalimu, kwahiyo hakuna aliyethubutu kulibadilisha likue.

Nimesikia Kukai ndo aligundua herufi za kana za Wajapani, na wanasema pia a-i-u-e-o ya kwao imetoka India. Kipi kweli? Sisi ni a-e-i-o-u wao mbona wamechanganya? (Mwanafunzi wa Kijapani)

La kwanza ni hadithi tu, watu wanapenda kumpa Kukai kila kitu kizuri, kana zilitokana na herufi za Kichina zilizofupishwa na mikono mingi. La pili ni kweli na ni zuri sana. Irabu za Kisanskriti zinapangwa a, aa, i, ii, u, uu, e, ai, o, au. Sasa futa zile ndefu na zile za kuunganika. Imebaki nini? a, i, u, e, o. Hawajachanganya, wamechuja.

Na mistari yao ya konsonanti, ka sa ta na ha ma ya ra wa, ni ile ile safari ya koo hadi midomo. Utasema mbona ha imekaa kwenye nafasi ya midomo? Kwa sababu zamani Wajapani hiyo ha walikua wanaitamka pa. Na hapo ndo nalipa deni la yule wa makaburini: h ya kweli hawakua nayo, wakisikia h ya mgeni wanaiweka kwenye k. Ndo maana ha ya kwenye ubao ikawa ka, na hriih ya Amida ikawa kiriku. Mantra zinazosomwa leo Japani, Mhindi akizisikia sijui kama atajua ni za kwao.

Kwahiyo watawa wanaandika wasichokielewa? (Mkweli Daima)

Swali kali ila nalijibu. Wapo walioelewa sana. Annen wa Tendai aliandika kitabu kikubwa cha elimu hii, Shittanzo, mwaka 880. Na kwenye karne ya 18 kulikua na mtawa Jiun, alizaliwa 1718 akafa 1804, huyu aliamua kurudi kwenye sarufi ya Kisanskriti kwa kutumia mabaki yaliyokuwepo tu mahekaluni, bila mwalimu wa Kihindi, akakusanya kazi inayohesabiwa kuwa karibu juzuu 1,000. Ila wengi, ndio, walijua herufi na sauti na maana ya kila silabi kidini, sarufi hawakua nayo.

Lakini usidhani ni ujinga. Chukua ile a. Kwenye Kisanskriti ukiiweka mbele ya neno inakanusha, himsa ni kudhuru, ahimsa ni kutodhuru. Afu hiyo hiyo ndo iliyojificha ndani ya kila konsonanti. Sasa mtawa wa Shingon anakaa mbele ya picha, duara jeupe la mwezi, chini yake ua la yungiyungi, katikati pameandikwa herufi moja tu, a, na anaitazama huku anavuta pumzi, anafikiria asili isiyo na mwanzo. Tafakuri hiyo inaitwa ajikan. Mtu anaweza asijue kunyambua kitenzi hata kimoja cha Kisanskriti na bado hiyo herufi moja kaisoma kuliko mimi nilivyosoma vitabu vyangu vyote.

Mimi nataka nichore tatuu ya hriih mkononi, nimeikuta kwenye intaneti ni nzuri balaa. Ni sawa? (Damu Changa)

Mkono ni wako mwanangu. Mi nakwambia tu hivi. Kwanza ni alama ya ibada ya watu, sio pambo, jua unachovaa. Pili, picha nyingi za mtandaoni zimekosewa, zile nukta mbili za mwisho wachoraji wanaziona kama madoa ya wino wanazifuta, na ukizifuta imekua hrii tu. Wengine wanaigeuza kushoto kulia. Usimpelekee mchoraji picha ya kuokota. Siddham iliingizwa kwenye Yunikodi, ile orodha ya herufi za dunia ambayo kompyuta zinaifuata, toleo la 7.0, mwezi Juni 2014, na kuna fonti ya bure inaitwa Noto Sans Siddham, kwahiyo kompyuta yako inaweza kuiandika hapo uilinganishe. Japo fonti nayo imenyooka mno, haina ule unene na wembamba wa brashi, na Wajapani wana hata brashi bapa ya mbao kwa ajili ya herufi hizi tu, ndo inayotoa zile kona kali kama zimekatwa kwa kisu.

Afu hesabu tena zile nukta kabla hajawasha mashine.